Nduthi ya Angani: Tripu 21 Bila Kuangusha Mzigo

Jumapili ya tarehe 21 Desemba 2025, saa tatu na nusu hivi asubuhi, tulikuwa tumejiketia nje ya keja, mandazi kwa gazeti, chai kwa kikombe ya plastiki. Msee wangu wa nduthi alikuwa ametoa plagi anaisugua na msasa juu pikipiki ilikuwa inakohoa tangu Ijumaa. Mimi simu nimeiegemeza kwa mtungi, bando ni ya kukopa, nacheki laivu. Kwa skrini kulikuwa na kitu nyeusi, nyembamba, imesimama kando ya bahari huko Mahia, New Zealand, mahali saa hiyo jua lilikuwa linaenda kulala.

"Hiyo ni nini sasa? Posti ya stima?"

"Roketi, buda."

"Wacha zako. Roketi gani imekonda hivyo?"

Ikawaka. Dakika mbili na nusu hivi, steji ya chini ikajitoa, ya juu ikaendelea na injini yake moja. Jamaa akaweka plagi chini. Baada ya kitu dakika tisa ilikuwa obiti, na haikuisha lisaa limoja kabla satelaiti ya Wajapani ishukishwe pale ilikuwa imelipiwa ishukie. Hiyo ndiyo ilikuwa tripu ya 21 ya Rocket Lab kwa mwaka mmoja. Ishirini na moja, maze, na hakuna hata moja iliangusha mzigo.

"Kwa mwaka?" jamaa akauliza. "Mimi trei za mayai nimeangusha mbili mwezi huu pekee."

Najua ukiskia roketi za private, akili yako inaenda kwa Elon Musk na SpaceX direct. Hiyo ni sawa, wale ni masonko, Falcon 9 inaruka hadi watu wameacha kuangalia. Lakini kwa roketi za Marekani, inayofuata kwa kuruka mara mob ni hii Electron ya Rocket Lab, kakitu ka mita 18 tu. Simamisha kando ya ploti ya gorofa sita, zinalingana. Upana ni mita 1.2, yaani ukilala ndani kwa upana wake, miguu inachungulia nje. Mzigo inabeba ni kilo 300, kama pikipiki mbili na dere mmoja akiwa hajamanga sana.

Na wameongeza mwendo mosmos. Mwaka wa 2023 walirusha mara 10, moja ikakataa. Mwaka wa 2024 mara 16. Mwaka wa 2025 ndio hiyo 21. Kuna wajuaji watakuambia kwa hizo 21 kuna chache za HASTE, ile Electron ya kufanyia majaribio ya mwendo kasi, ambayo haiendi obiti kabisa. Ni ukweli. Toa hizo, bado ni rekodi yao.

Sasa, mtu atauliza: kaa Falcon 9 ni kubwa na kwa kilo ni bei rahisi, nani anapanda haka kamwembamba? Hapa ndio story iko tamu, na ukiishi Kanairo huhitaji digrii ya fizikia kuielewa. SpaceX wako na tripu zinaitwa Transporter. Hiyo ni basi. Mnajazwa ndani wengi, kila mtu na satelaiti yake, mnaenda njia moja, mnashukishwa steji moja. Hata Taifa-1, satelaiti yetu wenyewe, ilipanda hiyo basi, Transporter-7, tarehe 15 Aprili 2023 kutoka Vandenberg, California, ikiwa imebanana na zingine karibu hamsini. Bei ilikuwa poa, na kwa nchi inaanza, hiyo ndiyo akili.

Lakini basi haikungojangi, na haikufikishangi kwa geti. Hiyo satelaiti ya Wajapani tuliona Jumapili ni ya kampuni inaitwa iQPS, ya Fukuoka. Zao zinapiga picha na rada, kwa hivyo wingu au giza si shida. Wanataka zisambae kuzunguka dunia, kila moja na njia yake, ndio mahali pamoja papigwe picha mara nyingi kwa siku. Ukizishukisha zote steji moja, zitatembea zikifuatana kaa watoto wa nasari. Ndio maana wanaita nduthi. Electron inabeba mtu mmoja, inampeleka siku amesema, saa amesema, hadi mlangoni. Bei ni karibu dola milioni 8, kitu bilioni moja ya Kenya. Ni ghali, lakini usiku wa mvua na uko na interview, unalipanga nduthi bila kubargain.

Kitu inanifurahisha zaidi iko ndani ya injini. Injini yao inaitwa Rutherford, ziko tisa chini na moja juu, na sehemu zake kubwa zinaprintiwa na mashine ya 3D. Roketi nyingi zinasukuma mafuta na pampu inayozungushwa na gesi moto, mtambo wa kichwa ngumu, inaweza kula miaka yako kabla ikubali. Hawa wakasema hapana, tunaweka mota ya stima na betri za lithiamu. Watu walicheka juu betri ni nzito. Wakapata njia: steji ya juu ikishamaliza betri zingine, inazitupa hapo hapo ikiwa inaenda, inashika zingine. Nilimwelezea jamaa wangu hivyo, akaelewa haraka kuniliko, juu rafiki zake walihamia nduthi za stima na kazi yao ni kubadilisha betri siku nzima. Tofauti ni hawa hawasimami kwa steshoni.

Mwenye mbogi ni Peter Beck. Siku hizi ni Sir Peter Beck, alipewa hiyo heshima 2024. Ni mtoto wa Invercargill, kule chini kabisa kusini mwa New Zealand, na campo hakukanyaga. Alianza kaa fundi wa kufunzwa kazi pale Fisher & Paykel, wale wa friji na mashine za kufua, akijifunza kuchonga moldi na vifaa vya chuma. Kazi ikiisha anabaki kwa karakana anatengeneza roketi zake. Aliunda baiskeli ya roketi na akaipanda yeye mwenyewe, hakutuma mtu. Mwaka wa 2006 akafungua Rocket Lab. Mmoja wa wasee wa kwanza kumpea doo anaitwa Mark Rocket, na usidhani ni jina la mtaa: jamaa alikuwa amebadilisha jina rasmi kitambo, kabla wajuane. Wewe ukiwa na idea ya roketi halafu msee anaitwa Rocket anakuja na ganji, unakataaje?

Novemba 2009 wakarusha ka-roketi kadogo kanaitwa Ātea-1 kutoka kisiwa cha Great Mercury, kakaguza anga za juu. Halafu ikawa miaka ya kusota na kujenga. Mei 2017 Electron ya kwanza ikaruka kutoka Mahia, na hapa sikiza vizuri. Roketi ilikuwa fiti. Ilikuwa imefika kilomita 224 juu, kila kitu inafanya vile inafaa. Huku chini, mashine ya kupokea data, si yao, ya kontrakta, ilikuwa imesetiwa vibaya. Data ikakatika. Msee wa usalama akiona hana data, sheria iko wazi: unazima. Akazima. Roketi mzima ikadedi juu ya setingi moja ya mashine iko chini kwa mchanga. Hiyo roketi walikuwa wameipatia jina la kusema hii ni jaribio tu. Ya pili, Januari 2018, wakaipatia jina la kusema bado tunajaribu. Ikafika obiti.

Na hawakukosa kuanguka tena. Julai 2020, waya moja haikuwa imekazwa poa, ikapata moto, ikaachilia, pampu ikakosa stima, satelaiti saba za wenyewe zikaenda na maji. Waya moja. Haikufika miezi miwili wakarudi kazini. Mei 2021 ikakataa tena, Septemba 2023 tena, hiyo ya mwisho stima iliruka kwa hewa nyembamba ya huko juu ikamaliza betri. Ukipiga hesabu tangu 2017 hadi hiyo Jumapili ya mandazi, Electron ilikuwa imeruka mara 79, na nne ndizo zilikataa. Kwangu mimi, hiyo 21 ya 2025 imejengwa juu ya hizo nne. Kila moja wakaifungua, wakatafuta kascrew kenye kalileta noma, wakasema hadharani ni nini, wakarudi. Kwa mtaa ukiangusha mzigo unazima simu.

Kuna ile ya helikopta pia, siezi iacha. Mei 2022 waliamua kudaka steji ya kwanza ikishuka na parachuti, kabla iguze maji ya chumvi. Wakatuma helikopta kubwa, Sikorsky S-92, na ndoano ikining'inia chini. Steji inateremka mosmos, helikopta inakuja juu, ndoano inashika kamba. Imeshika! Watu wanapiga nduru. Sekunde chache hivi, rubani anaskia mzigo unavuta tofauti na vile walikuwa wamezoea kwa mazoezi, anaachilia. Splash. Meli ikaenda kuiokota. Baadaye helikopta wakaachana nayo, wakaanza kuokota kwa bahari tu, na mwaka wa 2023 injini moja iliyokuwa imeshaenda ikaenda tena. Lakini steji nzima ya Electron kurudi juu mara ya pili, hiyo haijatokea.

Hiyo inatuleta kwa kofia. Zamani Beck alikuwa amesema kampuni yake haitawai jenga roketi kubwa, na kama itaanza mambo ya kuokota na kutumia tena, atakula kofia yake. Machi 2021 akatoa video. Akachukua kofia ya kampuni, akaiweka kwa blenda, ikasagika, akaitia mdomoni. Mbele ya dunia. Halafu akatangaza Neutron.

Neutron ndiyo kesho yao. Kaa Electron ni nduthi, hii ni Canter: mita 43 kwa urefu, inabeba kilo 13,000, steji ya chini inarudi kutua kwa meli baharini. Injini ni tisa, Archimedes, zinachoma methani na oksijeni. Kichwa chake hakitupwi kaa cha roketi zingine. Kinafunguka kaa mdomo, kinaachilia steji ya juu na mzigo, kinafunga, kinarudi nyumbani na mwili. Wanakiita kiboko mwenye njaa. Meli ya kutulia wameiita jina la wahasibu, maana yake ni faida inarudi kwa mwenye pesa, na nadhani huyo wa kuchagua hilo jina alikuwa amechoshwa na maswali ya wenye hisa.

Juu maswali yako. Neutron ilisemwa itaruka 2024. Ikawa 2025. Agosti 2025 wakafungua uwanja wake wa kurushia huko Wallops, Virginia, mbogi ikapiga makofi, na Novemba wakasema sasa ni 2026. Yule kiboko akapita testi zake Desemba. Halafu Januari 2026 wakiwa wanajaza tangi la steji ya kwanza maji kupima nguvu yake, likapasuka. Kalenda ikarudishwa tena kwa meza. Mimi siwalaumu kwa tangi kupasuka, testi ni ya kupasua. Nalaumu hii tabia ya kutaja tarehe. Fundi wa suti hukuambianga "Jumamosi" akijua kitambaa hajakata, na tukikuwa wakweli, wenye roketi wote duniani ni mafundi wa suti.

Kwa nini wanaing'ang'ania hivyo? Fuata ganji. Mwaka wa 2024 Rocket Lab iliingiza dola milioni 436, na bado ikapata hasara ya milioni 190. Na kwa hizo 436, kurusha Electron hakukuleta hata theluthi. Doo kubwa inatoka kwa kuunda satelaiti na kuuza spea zake: paneli za sola, redio, vyuma vya kugeuza satelaiti iangalie huku au kule. Enda Grogan, Kirinyaga Road, uulize nani ameomoka kati ya dere wa mathree na mwenye duka la brekipadi. Hao wamekuwa wote wawili. Hata kale kahelikopta ka NASA kaliruka Mars, Ingenuity, sola yake ilitoka kwa kampuni inaitwa SolAero, na Rocket Lab waliinunua 2022. Robo ya tatu ya 2025 pekee waliingiza dola milioni 155.

Halafu kuna kitu iliniuma kwa niaba yao. Novemba 2025, satelaiti mbili za NASA zinaitwa ESCAPADE zilianza safari ya kwenda Mars kuangalia hewa yake vile inapeperushwa na jua. Nani alizijenga? Rocket Lab. Zilipanda nini? New Glenn, roketi ya Blue Origin ya Jeff Bezos. Umechonga kitanda poa, halafu unaita Canter ya jirani unayeshindana naye ikupelekee. Na siku hiyo hiyo jirani akatua steji yake ya kwanza baharini, watu wote wakaongea juu ya Canter, kitanda kikasahaulika. Ukielewa hiyo siku, umeelewa Neutron ni ya nini.

Sasa wacha niseme kitu hawatakupenda ukiisema kwa party yao. Rocket Lab ilizaliwa New Zealand, lakini makao sasa ni Long Beach, California, hisa ziko Nasdaq, na mteja mnono ni jeshi la Marekani. Desemba hiyo ya tripu ya 21 walipata kazi ya zaidi ya dola milioni 800, satelaiti 18 za kufuatilia makombora. Mahia yenyewe ni mashamba ya kondoo, na ardhi ya kurushia wameikodisha kutoka kwa Wamaori. Kuna wenyeji wa hapo wamelalamika wakisema walikubali satelaiti za hali ya hewa na za kusaidia watu, hawakukubali za kijeshi. Mimi naona wako na haki ya kuuliza. Mtu akikodisha shamba lako kulima sukuma wiki halafu uone analima kitu ingine, hauulizi?

Na sisi si wageni wa hiyo maneno. Ngomeni, karibu na Malindi, Waitaliano walikuwa na jukwaa lao la San Marco kwa bahari, wakirusha roketi nyembamba za Kimarekani zinaitwa Scout, za rika la Electron kwa mzigo. Satelaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza eksirei za anga iliruka hapo tarehe 12 Desemba 1970, ikaitwa Uhuru juu ilikuwa siku ya uhuru wetu. Mara ya mwisho roketi kutoka hapo ni 1988. Unaenda Malindi unakula pweza, hakuna mtu anakuambia.

Nirudi kwa nje ya keja. Laivu iliisha, jamaa akarudisha plagi, akapiga kiki mara tatu, ya nne ikashika. Akaniuliza hiyo kubwa itaruka lini. Nikamwambia wamesema 2026. Akaniangalia vile mteja huangalia fundi wa suti, akavaa helmeti akaenda kutafuta ya siku.

Yangu ni hii: Neutron nitaipigia makofi ikiwa juu, haina haja ya makofi ikiwa Virginia imelala. Electron hiyo nakuambia uicheki sasa. Laivu ni ya bure, iko kwa simu yako. Lakini weka chaji kwanza na uweke bando ya kutosha, juu kahesabu ka kurudi nyuma husimamanga dakika ya mwisho sababu ya upepo, wanaanza upya, na bando haingojangi mtu.